Nahodha aliyekataa meli ya watu weusi pekee

JE, waweza kusubiri kazi kwa zaidi ya miaka 20, ilhali cheti unacho mkononi? Na kazi hiyo ikija hatimaye, waweza kuikataa kwa kuwa masharti yake yanadhalilisha? Wengi wetu tungeipokea kwa mikono miwili. Hugh Mulzac hakufanya hivyo.

Mulzac alizaliwa mwaka wa 1886 katika kisiwa cha Union, huko St Vincent na Grenadines, visiwa vya Karibi. Aliingia baharini akiwa kijana, akasomea ubaharia na kufaulu mtihani wa unahodha nchini Marekani. Kosa lake lilikuwa moja tu: ngozi nyeusi. Kwa muda mfupi alihudumu katika kampuni ya meli ya Marcus Garvey, Black Star Line. Kampuni hiyo ilipoporomoka, mtu huyu aliyejua kusoma nyota na ramani za bahari aliishia jikoni, akiwapikia mabaharia aliowazidi elimu.

Kisha vikazuka Vita Vikuu vya Pili. Nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za mizigo nyingi mno katika bahari ya Atlantiki. Marekani ikaamua kuunda meli za muundo mmoja, kwa wingi na kwa haraka. Ziliitwa Liberty, yaani Uhuru. Kati ya mwaka wa 1941 na 1945 ziliundwa zaidi ya 2,700.

Iliwezekanaje? Badala ya kuijenga meli kipande kwa kipande mahali pamoja, sehemu kubwa kubwa ziliundwa kando, zikainuliwa kwa kreni na kuunganishwa. Badala ya kupigilia ribiti, mafundi walichomelea mabamba ya chuma kwa umeme. Miongoni mwa mafundi hao walikuwamo wanawake wengi ambao hapo awali hawakuwahi kukanyaga kiwanda cha meli. Moja ya meli hizo, Robert E. Peary, ilishushwa majini Novemba 1942 baada ya siku 4 na saa 15 tu!

Usidhani kilikuwa chombo kidogo. Meli ya Liberty ilikuwa na urefu wa mita 134, kupita uwanja wa kandanda, na ilibeba takriban tani 10,000 za shehena. Ila mwendo wake ulikuwa wa kilomita 20 hivi kwa saa, sawa na mtu wa baiskeli mwenye haraka.

Na haraka haraka, kama wasemavyo wahenga, haina baraka. Baadhi ya meli hizo zilipasuka zikiwa baharini. Mwanasayansi Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyeonyesha kwamba chuma kilichotumika kilikuwa chepesi kuvunjika penye baridi kali.

Tumrudie Mulzac. Vita vilipopamba moto, manahodha walihitajika mno. Akaambiwa atapewa meli, mradi mabaharia wake wote wawe weusi. Akakataa katakata. Hakutaka kuongoza meli ya ubaguzi, hata kama yeye ndiye angekuwa mkubwa humo. Alitaka watu waajiriwe kwa ujuzi wao.

Mwishowe wakubwa walisalimu amri. Tarehe 29 Septemba 1942, meli ya Liberty iliyoitwa Booker T. Washington ilishushwa majini kusini mwa California. Jina hilo lilikuwa la msomi mweusi aliyezaliwa mtumwa na baadaye akaongoza chuo cha Tuskegee. Aliyeizindua ni mwimbaji Marian Anderson, ambaye mwaka wa 1939 alikuwa amenyimwa ukumbi jijini Washington kwa sababu ya rangi yake. Nahodha alikuwa Mulzac, mwenye umri wa miaka 56, na mabaharia wake walikuwa weusi kwa weupe, kutoka mataifa mengi. Ilivuka bahari mara 22 kwenda na kurudi, ikasafirisha wanajeshi wapatao 18,000.

Vita vikaisha, na shukrani nazo zikaisha. Mwaka wa 1947 Mulzac alipoteza meli yake, wala hakupewa nyingine. Baadaye, katika miaka ya kuwawinda waliodhaniwa kuwa wakomunisti, alinyang'anywa hata cheti. Alikwenda mahakamani, na mwaka wa 1960 jaji akamrudishia. Wakati huo alikuwa na miaka 74, na bado akarudi kazini! Meli yake ilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka wa 1969, naye akafariki mwaka wa 1971.

Mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, huenda kesho ukafaulu mtihani na bado ukafungiwa mlango kwa sababu ya kabila, jinsia au mahali unapotoka. Itunze elimu yako kama Mulzac alivyoitunza ya kwake jikoni. Na siku utakapofunguliwa mlango huo, tazama nyuma: ni nani ameachwa nje?