MAKTABA YA TAIFA NI YA NANI?



Leo hatutasema habari za mishahara wala za bei ya unga. Tutasema habari za vitabu. Wengine watauliza: mtu mwenye njaa afanye nini na kitabu? Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kwani neno hili linagusa mfuko wao.

Inchi yetu ina Maktaba ya Taifa. Iko Kinshasa. Tena kuna amri yenye nguvu ya sheria, namba 74-003 ya tarehe 2 Januari 1974, inayowalazimisha wanaochapisha vitabu na magazeti kuweka nakala mikononi mwa Serikali, ili maandishi ya taifa yasipotee. Shauri hilo ni jema. Mataifa mengi yanafanya hivyo. Mababu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini tazameni ramani. Toka Uvira mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mwendo wa ndege. Sisi wa pwani ya Tanganyika tunaona taa za Bujumbura kila usiku, lakini wengi wetu tutakufa bila kuziona taa za Kinshasa. Mama anayeshuka toka Rurambo na mzigo wa maharage mgongoni amekwisha kuchoka akifika tambarare. Basi, kila mwaka tarehe 23 Aprili, Siku ya Kitabu ya dunia nzima, wakubwa wanapokutana katika mji mkuu kusifu vitabu, nani wa kwetu atakaa katika viti vile? Maktaba inaitwa ya Taifa, na sisi ni taifa, lakini mlango wake hatujaugusa.

Sasa tuseme hasara yake, ili mtu asidhani tunataka vitabu kwa ajili ya fahari tu.

Sheria ya Madini ya mwaka 2002 iligeuzwa tarehe 9 Machi 2018. Ndani yake imeandikwa namna ya kugawa ushuru wa madini, ule unaoitwa redevansi, unaolipwa na kompani yenye ruhusa ya kuchimba. Katika kila franka 100 za ushuru huo, 50 ni za Serikali ya kati, 25 ni za jimbo, 10 zinawekwa akiba kwa ajili ya watoto watakaozaliwa baadaye, na 15 ni za komini au sheferi ya mahali penyewe panapochimbwa. Tena sheria hiyohiyo inaitaka kompani kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji. Na kwa mchimbaji wa mkono imeandikwa kwamba lazima awe mwana-inchi, awe na karata yake, na awe ndani ya koperative iliyokubaliwa.

Wandugu wachimbaji, wangapi kati yenu wamepata kuisoma sheria hii kwa macho yao? Mtu anaingia shimoni asubuhi, anatoka jioni, na habari za haki yake anaambiwa na yule anayemnunulia dhahabu. Anaambiwa "sheria inasema hivi", naye anainamisha kichwa, kwa sababu hana karatasi ya kujibu. Sheria imeandikwa kwa Kifaransa, imechapwa katika gazeti rasmi la Serikali, na gazeti hilo halipandi mlima. Asiye na kitabu hutawaliwa na mwenye kitabu. Ndiyo maana tunasema maktaba si mchezo wa watoto wa shule.

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Wakati wa Wabelgiji palikuwa na maktaba za Wazungu, na mbali nazo palikuwa na maktaba za wale walioitwa wenyeji. Mtu mweusi alipewa kitabu ambacho mwingine alikwisha kumchagulia. Na Uhuru ulipokaribia mwaka 1960, makasha mengi ya hati za utawala yalibebwa kupelekwa Brussels. Ramani na hati za wapima madini wa siku zile zimo katika jumba la makumbusho la Tervuren. Mwezi wa Julai 2025 Serikali yetu ilitia sahihi mapatano na kompani ya Marekani, KoBold Metals, na hati hizo za Tervuren zilitajwa ndani yake. Oneni basi! Karatasi ambayo sisi tunaidhani ni takataka ya zamani, kompani kubwa inavuka bahari kuitafuta. Kama karatasi hizo hazina faida, mbona zinatafutwa?

Si hati za madini tu. Mnakumbuka karatasi za vyama za mwaka 1959 na 1960, zile walizosoma wazee wetu? Leo anayetaka kuzisoma atakwenda Brussels kufungua vitabu vya CRISP vilivyozikusanya, au atakwenda Stanford, kule California, ambako jumba la Hoover linatunza mkusanyiko mkubwa. Wageni walifanya kazi njema kuzitunza, hatuwalaumu. Tunajilaumu wenyewe na viongozi wetu. Maneno ya baba zetu yamekuwa wakimbizi.

Na zilizobaki kwetu zinapotea. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, Uvira ikalia. Watu walikufa, nyumba zikaenda na maji. Nyumba ikienda na maji, shahada ya mtoto inakwenda, hati ya shamba inakwenda, na picha ya babu pia. Kule milimani vita vimewahamisha watu mara nyingi, na mtu anayekimbia na mtoto mgongoni habebi kasha la karatasi. Baada ya miaka kumi, watu wawili wanagombana juu ya mpaka wa shamba, wala hapana daftari la kuwaamua. Hapo ndipo panga linapochukua nafasi ya daftari.

Wengine watasema: inchi yetu ni maskini, tungoje kwanza barabara. Sisi tunajibu: tazameni majirani. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Mwaka 1963, ikiwa bado changa na maskini, ilitunga sheria ya kuunda Bodi ya huduma za maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, na kazi ya bodi ile ilikuwa kuvifikisha vitabu hata mikoani. Kule Kenya, tangu mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa inabebesha ngamia vitabu toka Garissa, kuwafuata wafugaji jangwani. Kama ngamia anabeba kitabu katika mchanga, mtumbwi wa mota utashindwa kukifikisha Baraka? Pikipiki inayopandisha chumvi na sabuni milimani itashindwa kupandisha kasha moja la vitabu mpaka Rurambo?

Kwa hiyo tunataka mambo manne, tena tunayasema kwa heshima lakini kwa sauti.

Kwanza, Maktaba ya Taifa iwe na tawi Uvira, mahali pa juu pasipofikiwa na mto wala ziwa. Hatuombi jumba la marmari. Tunaomba chumba kikavu, rafu, taa, na mtumishi anayelipwa mwisho wa mwezi.

Pili, matangazo ya Maktaba yatoke kwa Kiswahili pia. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Na kwa kuwa UNESCO iliamua mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili ya dunia, Maktaba ije kuifanya sikukuu hiyo huku kwetu, kila mwaka. Waje watungaji, wazee wasimulie, watoto wasome mbele ya watu.

Tatu, sheria za madini, za kazi na za ardhi zifasiriwe kwa Kiswahili chepesi, na nakala ziwekwe katika kila komini, kila sheferi na kila machimbo.

Nne, Serikali idai nakala za hati zetu zilizoko Ubelgiji, na nakala hizo zisifungiwe Kinshasa tu wala zisiwe za kompani tu. Mwenye ardhi awe wa kwanza kujua kilichoandikwa juu ya ardhi yake.

Lakini wandugu, tusikae tukingoja mkono wa Serikali peke yake. Kila mmoja wetu ana kazi. Mwenye karatasi ya zamani asifungie nayo karanga. Mwalimu aandike masimulizi ya wazee wa kila kabila la milima na pwani, bila kuruka hata mmoja kwa sababu ya ugomvi wa leo, maana maktaba inayochagua kabila si ya taifa. Kijana anayejua kusoma akae jioni na wenzake machimboni, awasomee ukurasa mmoja wa sheria, kesho ukurasa mwingine. Na sisi tunaochapa vijigazeti tupeleke nakala kama sheria inavyotaka, ili siku moja wajukuu wasihitaji kupanda ndege kwenda California kutafuta tulichosema.

Maktaba ya Taifa ni ya nani? Ni ya mchimbaji wa Misisi, ni ya mvuvi wa Kalundu, ni ya mama wa Rurambo anayepanda mlima na chumvi kichwani. Kile kilicho chetu tukitafute, tukilinde na tukisome.

Msomaji mwema, ukimaliza gazeti hili usilitupe. Mpe jirani. Na kama jirani hajui kusoma, kaa naye umsomee.