Kasuku bila kizimba: tuache kuisingizia mila



Mara nyingi katika vijitabu vya namna hii tunaandika juu ya mila zinazopotea: lokole inayonyamaza, hadithi ambazo watoto hawasikii tena, majina ya samaki ambayo vijana hawajui. Leo tuko na neno juu ya kitu kingine. Ni juu ya jambo ambalo halipotei, ila linajificha nyuma ya mila na kuichafua. Ni mambo ya kasuku wa nyumbani, yule wa rangi ya majivu na mkia mwekundu, ambaye kwa Lingala tunamwita nkoso.

Ukiuliza watu wa kwetu, hapa Yanonge na kwenye vijiji vya ng'ambo zote mbili za mto, watakujibu kwa kiburi: "Kizimba ni kitu ya Wazungu. Sisi kasuku yetu haiko mu kizimba. Iko inatembea mu lupango sawa mtoto ya nyumba." Maneno hayo yanapendeza masikio. Mgeni akiyasikia anatikisa kichwa, anasema kweli Waafrika wanajua kuishi na wanyama. Sisi tunasema wazi kwamba maneno hayo si kweli, na tena yanatudhuru sisi wenyewe.

Tuanze na bawa. Kasuku huyo "huru" hamkimbii mwenyewe kwa nini? Watu watasema: kwa sababu anatupenda, amezoea. Basi mshike, fungua bawa lake, tazama. Karibu kila mara utakuta manyoya makubwa yamekatwa kwa makasi au kwa wembe, na mara nyingi upande mmoja tu, ili akijaribu kuruka apinduke na kuanguka. Na kila manyoya mapya yanapoota, wembe unarudi. Ndege wa porini anaruka kilometa nyingi kwa siku, asubuhi akienda kutafuta ngazi (mbila) na jioni akirudi kulala na kundi lake. Huyu wetu anatembea chini kama kuku, kati ya mbwa, paka na sufuria ya mawese inayochemka. Kizimba hakikuondoka. Kimehamishwa tu, kikawekwa ndani ya mwili wake. Mwenye kizimba cha chuma anaweza kufungua mlango leo. Aliyekatwa bawa anangoja miezi mingi manyoya yake yaote.

Halafu watu wanasema: "Lakini anasema! Anasalimia watu, anaita watoto kwa majina, anacheka." Ni kweli, anasema, na hapo ndipo pa kuhuzunika. Kasuku ni ndege wa kundi. Porini anajifunza sauti za wenzake, na kwa sauti hizo anajulikana na kujibiwa. Ukimtoa kwenye tobo la mti angali kinda, ukamlea peke yake jikoni, atafanya nini? Atajifunza sauti za kundi alilopewa, na kundi hilo ni sisi. Akikuambia "Mbote!" asubuhi, anatafuta mwenzake, na mwenzake hayupo. Kule Marekani mwalimu Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa aina hii hii, jina lake Alex, kwa miaka 30 tangu 1977 mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alijua majina ya vitu, rangi na umbo, na aliweza kuhesabu vitu vichache. Ulimwengu wote ulishangaa. Sisi tuliozaliwa chini ya miti yake hatukupaswa kushangaa, maana wazee walijua kwamba ndege huyu ana akili. Lakini basi tujiulize: kiumbe mwenye akili hiyo, unamkata bawa na kumwacha peke yake mu lupango miaka 20, 30, hata 40, maana anaishi sana, ni mapenzi gani hayo?

Sasa tufike kwenye neno "mila". Wengine wetu, hata ndani ya mashirika ya utamaduni, wanasema sheria zisituguse kwa sababu kufuga kasuku bila kizimba ni urithi wa mababu. Hatukatai kwamba watoto wa zamani walileta makinda nyumbani. Lakini kitu kikubwa ambacho wazee walikipenda kwa kasuku kilikuwa unyoya mwekundu wa mkia. Kwa makabila mengi ya Kongo unyoya huo ulikuwa heshima: uliwekwa kwenye kofia ya mkubwa, ulionekana kwenye sherehe na kwenye ngoma. Na unyoya huo unaanguka wenyewe. Kasuku anabadilisha manyoya yake, na chini ya miti ambako kundi linalala mtu anaweza kuyaokota. Ili upate unyoya kesho, ni lazima kundi libaki kwenye mti leo. Hiyo ndiyo mila: inahitaji ndege wazima, wengi, juu ya vichwa vyetu. Kinda mmoja aliyekatwa bawa, anayelishwa makombo ya kwanga na makayabu, si urithi wa mababu. Ni mchezo wa nyumbani, na mwenye kuupenda aseme tu "ninaupenda", asiwaamshe wafu wamtolee ushahidi.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo wengi wanalijua lakini hawapendi kulisema mbele ya wageni. Watega kasuku wanafanyaje kazi? Wanapanda mti mrefu ambako makundi yanapita, wanapaka ulimbo kwenye vijiti, kisha wanafunga hapo kasuku aliyezoea watu, ili aite. Anaita, wenzake wanakuja, wananaswa. Huyo chambo anatoka wapi? Anatoka nyumbani. Ni yule yule "mtoto ya nyumba" asiye na kizimba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kasuku mmoja wa kupendeza watoto, akikodishwa au akiuzwa kwa mtega, anaweza kumaliza kundi ambalo lililala kwenye mti ule tangu enzi za babu. Waliokamatwa wanakatwa mabawa, wanasongamanishwa kwenye vikapu na masanduku, wanapelekwa Kisangani kwa baiskeli au kwa mtumbwi, na kutoka pale kwa ndege ya abiria mpaka Kinshasa na ng'ambo. Wengi wanakufa njiani kabla hata ya kufika sokoni.

Hesabu yake inatisha. Kati ya mwaka 1975 na 2013, kwenye makaratasi tu ya biashara halali, kasuku wa majivu zaidi ya milioni 1.3 waliuzwa kutoka nchi za Afrika. Waliokufa kabla ya kuandikwa, na wale wa magendo, hawamo. Nchi yetu peke yake ilikuwa na ruhusa ya kuuza 5.000 kwa mwaka. Ghana, ambako zamani makundi yalikuwa makubwa, wachunguzi walikuta mwaka 2016 kwamba tangu 1992 walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 mpaka 99. Mwaka huo huo wa 2016 shirika la IUCN lilimwandika kasuku huyu kati ya viumbe walio hatarini kupotea, na mkutano wa CITES kule Johannesburg ukakataza biashara ya kimataifa ya ndege wa porini, katazo lililoanza Januari 2017. Kwetu, jimbo la Tshopo lilikataza kukamata na kuuza kasuku mwaka 2023, na mwaka 2025 wizara ya mazingira ikatoa katazo kwa nchi nzima. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Ghana ni mbali. Ghana ni sisi wa kesho.

Tunajua jibu la vijana: "Sawa, lakini tutakula nini? Serikali iliuza vibali miaka na miaka, wakubwa wakajenga nyumba. Leo inakuja kumkemea mama mmoja na kasuku wake mmoja?" Jibu hilo lina haki ndani yake, na hatutaki kulipita kimya. Anayepanda mti ndiye anayevunjika mgongo, na ndiye anayepata sehemu ndogo kuliko wote. Sheria inayomkamata huyo na kumwacha mwenye masanduku pale uwanja wa ndege ni sheria ya kuchechemea, na tunapaswa kulisema hilo mbele ya viongozi bila woga. Lakini tusichanganye mambo. Wizi wa mkubwa hauufanyi mtego wa mdogo kuwa mila. Tena biashara hii haina kesho: muhogo ukivunwa unapandwa tena, lakini kasuku wanazaa polepole, mayai machache kwa mwaka, kwenye tobo la mti mkubwa. Na mara nyingine mti wenyewe unaangushwa ili kufikia makinda. Ni kula mbegu.

Kwa wale ambao tayari wako na kasuku nyumbani, hatusemi wamtupe porini kesho. Ndege aliyekatwa bawa, asiyejua kutafuta chakula, akiachwa msituni atakufa. Tunasema hivi. Kwanza, wembe ukome. Acheni manyoya yaote. Pili, mlisheni chakula chake: ngazi, matunda, mboga za majani. Chumvi nyingi ni mbaya kwake na avoka ni sumu kwake. Akae pia kwenye jua la asubuhi, maana kasuku huyu anapungukiwa haraka na chokaa ya mwili, halafu anatetemeka na kuanguka kama mwenye kifafa. Tatu, asilale jikoni mwenye moshi, maana mapafu yake ni mepesi, na watoto wasichezee mavi yake, kwa sababu vumbi lake linaweza kumpa mtu ugonjwa wa psitakosi unaoshambulia mapafu. Nne, mwonyesheni kwa watu wa mazingira, muulize kama kuna pahali pa kumpokea. Shirika la Lukuru, ambalo linafanya kazi upande wa mbuga ya Lomami, limekwisha kupokea kasuku walionyang'anywa watega, likawalea mpaka mabawa yakaota, kisha likawarudisha msituni. Kwa hiyo inawezekana. Tano, na hili ni kubwa kuliko yote: huyo akifa, usinunue mwingine. Hata kwa huruma usinunue. Ukimwokoa mmoja kwa pesa, umemlipa mtega akamate wawili.

Na sisi wa mashirika ya utamaduni tuanze na nyumba yetu. Siku za sherehe tusilete kasuku aliyekatwa bawa mbele ya wageni ili aseme "Karibu". Tulete unyoya uliookotwa, tueleze maana yake. Tuwafundishe watoto saa ambayo makundi yanapita, miti ambako yanalala, na jina la ndege huyu katika kila lugha ya kwetu. Mtoto anayejua kumtambua kasuku kwa mlio wake tu, kabla hajamwona, huyo ndiye amerithi kitu. Anayejua tu kumwambia "sema Mbote" amerithi mchezo.

Kuna neno moja la Kiswahili la kufikiri. Tobo la mti ambamo kasuku anaanguliwa tunaliita tundu. Na kizimba cha kumfungia tunakiita pia tundu. Lugha imetuachia tuchague ni lipi tutamwekea. Tukichagua lile la mti, wajukuu zetu watasikia makelele yake jioni juu ya mto, na watajua tulikuwa tunasema nini tulipotaja mila. Tukichagua lile lingine, hata likiwa bila vyuma, hata likiwa bawa lililokatwa tu, siku moja tutawaonyesha wajukuu kofia ya mkubwa yenye unyoya mwekundu, watatuuliza ulitoka wapi, na hatutakuwa na mti wa kuwaonyesha.