Usimpe Mwanao Jina kwa Kuogopa Askari



Ndugu yangu, dada yangu, nakuandikia wewe uliyeoa juzi, na wewe ambaye mkeo ana mimba ya miezi saba na kila jioni mwaulizana, "Tumwite nani?" Kuna maneno yanazunguka siku hizi kwa vijana wetu. Nimeyasikia Majengo, nimeyasikia Likoni, nimeyasikia Eastleigh. "Tumtafutie mtoto jina lisilo na mzigo." Yaani jina ambalo akisimamishwa na askari usiku, au akipeleka barua ya kazi Nairobi, au akisimama foleni ya uwanja wa ndege, halitamfanya mtu ainue macho amtazame mara ya pili.

Sikucheki. Hofu hiyo haikutoka hewani. Wengi wetu tulikuwa wadogo lakini twakumbuka Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch, watu walivyobebwa kutoka Eastleigh na mitaa mingine wakarundikwa uwanja wa Kasarani, wengi wao Wasomali, wengine na vitambulisho vyao vya Kenya mfukoni. Wazazi wao nao wakumbuka 1989, pale Wakenya wa Kisomali walipopangwa foleni kuchunguzwa na kupewa kadi ya pekee, ili wathibitishe kwamba kwao ni kwao. Na kwa miaka mingi kijana wa Garissa, Mnubi wa Kibra, Mwarabu wa Pwani, akienda kuomba kipande hupigwa msasa mbele ya wazee, aulizwe karatasi za babu, huku kijana wa rika lake anayeitwa Kamau au Kiprop amejaza fomu amekwenda zake. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba huo msasa wa ziada umefutwa. Alhamdulillah. Lakini tangazo ni jambo moja na dirisha la ofisi ni jambo jingine, nawe wajua.

Wala si Kenya pekee. Ufaransa kuna watafiti walituma barua za kuomba kazi za wanawake wawili wa kubuni, wote Wafaransa wenye asili ya Senegal, wote wa ukoo wa Diouf, elimu na uzoefu sawa. Mmoja wakamwita Marie, mwingine Khadija. Matokeo yalichapishwa 2010: Marie alikuwa na nafasi mara 2.5 zaidi ya kuitwa kwenye intaviu. Ngozi ile ile, ukoo ule ule. Tofauti ilikuwa dini iliyosomeka kwenye jina. Kwa hivyo mtu akikuambia "wewe wajidhania tu", mwambie jambo hili limepimwa.

Sasa hebu tukae hapo hapo. Ikiwa hofu ni ya kweli, kwa nini nakwambia usimpe mtoto jina kwa hofu?

Kwanza, haifichi kitu. Jina la Mkenya ni majina matatu. Ukimwita mwanao Brian, bado atakuwa Brian Hassan Abdalla. Afisa hasomi la kwanza akafunga faili, asoma yote. Na kitambulisho chenyewe kimeandikwa alikozaliwa. Na dada yako amevaa hijabu kwenye picha. Ili ufiche kweli kweli itabidi ufute jina la baba na la babu, ubadilishe mtaa, ubadilishe mavazi. Hapo hujamlinda mtoto, umemfuta. Na mtoto si mjinga. Akifika miaka saba au minane atakuuliza, "Baba, mbona binamu zangu wote ni Swaleh na Athman na mimi ni Brian?" Utamjibu nini? Kwamba uliona haya kabla hajazaliwa?

Naomba nieleweke hapa. Kuna wanaomwita mtoto Adam, Sara, Yusuf, Mariam, kisha jirani akawatia maneno ati wamekimbia. Hayo ni majina ya Mitume na ya watu wema, yamo katika dini yetu kabla ya hofu zetu. Ukilipenda, lichukue kwa raha zako. Ninachouliza ni nia tu. Ulilichagua kwa kulipenda au kwa kumuwaza askari wa kizuizini? Swali hilo la kwako na mwenzio, si langu wala la jirani.

Lakini nikiwalaumu askari na mameneja peke yao nitakuwa nimesema nusu. Sisi wenyewe twahukumu watu kwa majina, tena vibaya.

Mwambie bibi yako akuhesabie majina ya shangazi zake. Utasikia Mwanahamisi, Mwanakombo, Mwanaidi, Mwanajuma, Tatu, Riziki, Subira. Kisha hesabu watoto waliozaliwa mtaani kwenu mwaka huu. Ni Aaliyah, Inaya, Zayn, Ayaan, na tamthilia za Kituruki zilipoingia tukaanza kumsikia Ertugrul wa Kisauni. Sina vita na Aaliyah, ni jina zuri. Vita yangu ni na ile sauti ya "Mwanahamisi? Hilo la kishamba!" Kishamba kwa nani? Mmoja wa washairi wakubwa wa lugha yetu, yule aliyemtungia binti yake utenzi mnamo 1858 huko visiwa vya Lamu, aliitwa Mwana Kupona binti Mshamu. Kupona. Si Kiarabu, ni Kiswahili kitupu, na hakuna aliyewahi kumuuliza Uislamu wake uko wapi.

Dini yenyewe haikutubana hivyo. Twajua majina yanayopendeza zaidi kwa Allah ni Abdullah na Abdulrahman, na twajua mtoto apewe jina lenye maana njema. Lakini Omar, Hamza na Khadija walikuwa na majina hayo kabla ya Uislamu na wakabaki nayo. Bilal alibaki Bilal. Mtume, rehema na amani zimshukie, alibadilisha majina yenye maana mbaya, kama yule binti wa Omar aliyekuwa akiitwa "muasi" akampa jina la Jamila. (Usichanganye na Asiya mke wa Firauni, hilo ni jina jingine na ni jema. Kuna watu washawahi kuwatisha kina mama kwa jambo hili bure.) Kipimo kilikuwa maana, si sauti ya kigeni.

Basi tukija kwa ndugu yetu Hassan Omondi, au dada yetu Fatuma Wanjiru, mbona tunawatazama upande? Nimekaa vikao vya posa ambapo kijana ana dini, ana tabia, ana kazi, na kikao kikaharibika lilipotajwa jina la baba yake. "Huyu ni wa bara." Bas, imekwisha. Kijana anasali safu ya mbele kila alfajiri lakini jina la babu yake limemtoa. Kuna Waislamu Mumias ambao familia zao zimesilimu tangu zamani na bado wakija mjini kwetu waulizwa, "Ulisilimu lini?" Na wale waliosilimu wenyewe twawaharakisha watupe majina yao yote siku ile ile ya shahada, kana kwamba Wanjiru ni najisi. Meneja wa Nairobi akimtupa Khadija kwa jina lake twaita ubaguzi. Sisi tukimtupa Omondi kwa jina lake twaita nini? Tutajieleza vipi mbele ya mahakama, seuze mbele ya Allah?

Nimalizane na hilo nije kwenye karatasi, kwa sababu hapa ndipo kila wiki tunaona vijana wakiumia kwa jambo ambalo lingezuilika siku ya kwanza.

Hospitali hawangoji siku ya saba. Wewe bado wapanga akika na kuulizana na mama mkwe, muuguzi ashafika kitandani na fomu, amuuliza mama aliyechoka, "Mtoto anaitwa nani?" na kuandika alivyosikia. Khadija akawa Hadija. Mwanahamisi akawa Mwanamisi. Mohamed nalo lina maandishi manne au matano, na kila mwalimu ana lake. Miaka kumi na minane baadaye cheti cha kuzaliwa kinasema moja, cheti cha KCSE kinasema jingine, kitambulisho kinasema la tatu, na kijana azunguka na hati za kiapo kutafuta mkopo wa HELB au pasipoti. Kwa mtu mwingine hilo ni kosa la herufi. Kwa mtu wa jina letu afisa anaweza kuliita udanganyifu. Kosa dogo kwetu ni ghali.

Na Abdulrahman! Andika neno moja. Ukiandika Abdul Rahman, kompyuta huhesabu majina mawili, na ikiwa nafasi ni tatu basi jina la baba au la babu lasukumwa nje. Mtoto anakua akiitwa Rahman peke yake, na Rahman ni jina la Mola. Kisha kuna hili la "jina la ukoo". Mfumo wetu ni mtoto, baba, babu. Baba ni Omar Said Juma, mtoto ni Salim Omar Said. Karani wa benki auliza mbona jina la mwisho halifanani, huyu ni baba yake kweli? Hakuna kosa hapo na usikubali kuambiwa lipo. Wengine wameamua kubeba jina la ukoo la kudumu, kina Mazrui na kina Bajaber, na hilo nalo ni sawa. Muhimu ni mkubaliane mapema nyumbani, watoto wote waandikwe mtindo mmoja.

Kwa hivyo andika jina lote kwa herufi kubwa kwenye karatasi, umpe mama aende nalo hospitalini. Kama hamjaamua, mwambieni muuguzi hamjaamua. Sajili ndani ya miezi 6, kwa maana baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa na maswali yanaongezeka. Sheria ya usajili wa vizazi inakuruhusu kuongeza au kubadilisha jina la mtoto ndani ya miaka 2 tangu asajiliwe. Ukiipita hiyo miaka, ni safari ya wakili.

Na ujue unasimama wapi unapokwenda dirishani. Katiba, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kifungu cha 27 chakataza serikali kumbagua mtu kwa dini, asili, mavazi au lugha, na chakataza pia mtu binafsi, yaani meneja naye yumo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakwenda mbali zaidi: ukimshtaki mwajiri kwa ubaguzi, ni yeye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wengi hawalijui hili. Na Machi 2011 Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua kesi ya watoto wa Kinubi dhidi ya Kenya. Wazee wao waliletwa hapa na jeshi la Waingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado wajukuu walikuwa wakizungushwa. Kamati ikasema Kenya imewavunjia watoto hao haki yao ya usajili na uraia, na imewabagua. Watoto wale walishinda kama Wanubi, kwa majina yao ya Kinubi na ya Kiislamu. Hakuna aliyewaambia wajiite kitu kingine kwanza.

Kuna dada mmoja alitujia mwaka jana, ana diploma nzuri, ameandika "K." peke yake kwenye barua zake za kazi kwa sababu ya lile la Khadija. Sikumwambia aache. Ana kodi ya kulipa, na mimi si wa kumpangia ujasiri. Nilimwomba tu aweke nakala ya kila barua, zile za "K." na zile alizoandika Khadija, pamoja na tarehe na majibu. Nawe fanya hivyo hivyo. Kesi haijengwi kwa uchungu, hujengwa kwa karatasi. Ukizungushwa ofisini, andika tarehe, saa, ofisi ipi, uliambiwa neno gani, nani alikuwa karibu akasikia. Omba kukataliwa kwako kuandikwe. Kama afisa hataki kuandika, andika wewe jioni ile ile kabla hujasahau.

Kisha tuletee. Lakini tutumie kwa ujumbe wa faragha, usiweke picha ya kitambulisho chako wala cheti cha mtoto hadharani hapa, kwa maana tushaona namba za watu zikichukuliwa na kusajiliwa laini za simu wasizozijua.