Ticha, hapa siyo ubaoni

Haya wadau, nipo. Najua nimekuwa kimya wiki mbili nzima na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimedisco. Sijadisco! Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilijaa malengelenge, hata kalamu kushika ilikuwa kazi, sembuse kuandika hapa. Leo nieleze hayo malengelenge yalitoka wapi, maana kuna jambo linanikera na nisipolitoa msuli haupandi.

Likizo fupi iliyopita nilikwenda nyumbani Iringa kwa pikipiki. Ndiyo, kutoka Dar, kilomita kama 500, nyuma ya kaka yangu (mtoto wa mama mkubwa) kwenye cc 150 yake. Mama alivyosikia... tuyaache hayo.

Sasa kaka safari hii alitaka pikipiki yake ifanane na yale madude ya Wazungu wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, yanayopita kwetu yakiwa na masanduku ya bati ubavuni, skrini ya ramani mbele na taa kama za lori. Akanunua kishikio cha simu, chaja ya USB ya kufunga kwenye usukani, taa mbili za LED na redio yenye spika mbili. Nikamuuliza ramani ya nini, maana Dar hadi Iringa njia panda kubwa za kukosea ni mbili tu, Chalinze na Msamvu! Akaniambia dogo huelewi, simu lazima ionekane.

Tukaenda kwa fundi. Jamaa ana mikono myepesi, sikatai. Akatoa waya nne nyembamba, akazisokota zote pamoja, akazibana kwenye kichwa cha chanya cha betri, akazipitisha chini ya tangi mpaka mbele, tepu nyeusi, kwisha. Dakika arobaini. Nikaangalia, nikaona hakuna fyuzi hata moja. Nikasema kwa sauti ya chini, "Samahani fundi, fyuzi iko wapi?" Akacheka. "Pikipiki ina fyuzi yake kutoka kiwandani. Ticha, hapa siyo ubaoni." Kaka akacheka. Na mimi nikacheka!

Hapo ndipo roho inaponiuma. Wiki mbili kabla ya hapo nilisimama mbele ya wenzangu kwenye mazoezi ya kufundisha, mada ya umeme, nikachora fyuzi ubaoni na chaki ya rangi, nikapigiwa makofi. Halafu mbele ya fyuzi isiyokuwepo, kweli kabisa, nikameza mate.

Maana fundi alikuwa amekosea, na kosa lenyewe ni la kidato cha pili. Fyuzi ya kiwandani ipo, lakini inalinda waya zilizo baada yake tu. Waya uliotoka moja kwa moja kwenye kichwa cha betri haupiti kwenye fyuzi hiyo. Ni sawa na kuweka mlinzi getini halafu ukabomoa ukuta wa nyuma. Na fyuzi haipo kwa ajili ya kulinda simu yako, watu wengi wanadhani hivyo. Inalinda waya usigeuke kuwa jiko. Mkondo ukizidi mara mbili, joto kwenye waya linazidi mara nne. Betri ndogo ya pikipiki ikipigwa shoti inaweza kutoa makumi ya ampea kwa wakati mmoja, kupitia waya ambao uliwekwa kwa ajili ya ampea moja ya chaja.

Basi bwana, tulichelewa kuondoka, Morogoro tukapiga supu, jua linaelekea kuzama sisi ndiyo tunaingia Mikumi. Wanaoijua barabara ile wanajua, kama kilomita 50 unakatiza katikati ya hifadhi, tembo na twiga wanavuka wanapotaka wao. Taa zinawaka, redio inaimba, kaka anajiona mfalme. Mimi nasikia goti la kulia linapata joto. Nikadhani ni injini. Kisha harufu ya plastiki. Kisha nikaona moshi unatoka chini ya tangi, jamani, TANGI LA PETROLI, tulilojaza Msamvu.

Tukasimama. Kaka akazima injini, moshi ukaendelea, kwa sababu kuzima ufunguo hakukati waya uliokwenda betri moja kwa moja. Nikang'oa kifuniko cha ubavuni, nikavuta lile fundo la waya kwa vidole. Plastiki iliyoyeyuka ikabaki kwenye ngozi. Lori moja la kwenda Tunduma likapunguza mwendo, dereva akatupigia kelele, "Nyie! Hapa hapasimamwi!" Kama vile tulikuwa tunapiga picha.

Taa ya pikipiki yenyewe ilikuwa nzima, tukaendelea nayo hiyo hiyo taratibu, kimya, bila redio, mpaka Mikumi mjini tukalala.

Asubuhi tulipofungua tuliona kilichotokea. Waya ulipita shingoni pale usukani unapogeukia, ukiwa umevutwa bila nafasi. Kila kona ulikuwa unabanwa na kusuguliwa, mpaka shaba ikabaki wazi ikagusa chuma cha fremu. Na fremu ni hasi. Ndiyo hivyo.

Wadau, sisemi watu wasifunge vitu. Safari ndefu simu ikizima porini ni balaa, na taa nzuri inaokoa maisha. Ninachobisha ni huu mtindo wa kuiga sura ya wale wasafiri bila kuiga kilicho chini ya kiti chao. Honda Gold Wing inazalisha umeme mwingi, ina uwezo wa redio na ya ziada. Ya kwetu cc 150 umeme wake ni kidogo, na karibu wote umeshagawiwa taa, honi, indiketa na cheche ya plagi. Taa mbili za wati 18 peke yake ni ampea 3. Kama unataka simu tu, pawabenki mfukoni inatosha na haiunguzi mtu. Na simu zenyewe hazipendi usukani: mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone.

Iringa tulimpata fundi mwingine, mzee. Kitu cha kwanza aliuliza, "Fyuzi zenu ziko wapi?" Nilitaka kumkumbatia. Akaweka kila waya na fyuzi yake, umbali wa shubiri moja kutoka betri, ya ampea 5 kwa taa na 2 kwa chaja. Akaweka relei ili ufunguo ukizimwa kila kitu kizimike, la sivyo chaja inanyonya betri usiku kucha. Pale shingoni akaacha waya umelegea, akageuza usukani kushoto mwisho, kulia mwisho, mara kadhaa, akiangalia. Fyuzi moja shilingi 500. Nilimlipia mimi, kwa boom lililobaki.

Yule fundi wa Dar nilimrudia wiki hii. Nilikaa kwenye benchi lake nusu saa nikitafuta maneno, maana ni mkubwa kwangu na ana wateja. Mwisho nikamwonyesha vidole. "Shikamoo, ile kazi yako ilituwakia Mikumi." Hakucheka safari hii. Akaniuliza hizo fyuzi za ampea 2 zinauzwa duka gani, nikampeleka Kariakoo. Amenunua kumi.