Tumewapeleka Vyuoni, Tukawaacha Huko



Kila mwaka, miwa ikiwa bado inakatwa mashambani na mvua za vuli zikikaribia, hapa Turiani hufanyika jambo lile lile. Kijana aliyechaguliwa kujiunga na chuo kikuu huitwa mbele ya altare pamoja na wazazi wake, hupewa baraka, vigelegele hupigwa, na kiongozi wa walei husema maneno mazuri juu ya fahari ya parokia. Siku chache baadaye kijana hupanda gari kwenda Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam. Tangu hapo parokia haiulizi tena habari zake hadi atakaporudi na joho, au hadi itakaponong'onwa kisimani kwamba mtoto wa fulani "amekatisha masomo".

Sisi wa Tume ya Haki na Amani twasema wazi kwamba huko ni kumtelekeza mtoto kwa shangwe. Nasi hatujitoi katika lawama hii, kwa maana nasi tulipiga makofi.

Wazee wetu wanakumbuka mfano aliopenda kuutoa Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960, miaka ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa bado kichanga. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuleta msaada. Mtu huyo akila na asirudi, ni msaliti. Mfano huo tunaupenda sana, nasi huutupa usoni mwa kila mhitimu asiyeleta sukari wala sabuni nyumbani. Lakini mfano una pande mbili. Kabla ya msafiri kudaiwa, kijiji kizima kilikusanyika, kikapima chakula chake, kikampa. Je, sisi wa leo tumempa nini huyu tunayemngoja arudi na mzigo?

Wakati Mwalimu aliposema hayo, kijiji kilikuwa ni taifa. Kodi ya mkulima wa pamba na mkulima wa kahawa ndiyo iliyomsomesha mwanafunzi, akala, akalala, na nauli akapewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali, ikiwa imeelemewa na madeni na ikisukumwa na wakopeshaji wa nje, ilianza utaratibu wa uchangiaji wa gharama. Wazazi walianza na nauli na ada ndogo ndogo; baadaye likaja suala la chakula na malazi; hatimaye, kwa sheria ya mwaka 2004, ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Hatusemi kwamba mikopo ni dhambi. Vijana wengi kutoka vijiji vya chini ya milima ya Nguru na ya Uluguru wasingeonja chuo pasipo mikopo hiyo. Tunachosema ni kwamba neno "uchangiaji" lina maana yake katika Kiswahili. Kuchangia ni kazi ya wengi. Mzigo uliotoka mabegani mwa taifa haukugawanywa kwa wengi, bali ulishushwa juu ya nyumba moja, na mara nyingi nyumba hiyo ina mama peke yake.

Tumtazame mama huyo, maana yupo katika kila jumuiya yetu. Ni mjane, analima mpunga wa kukodi bondeni, na mwanawe amefaulu kidato cha sita. Dirisha la maombi ya mkopo kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka. Wakati huo vijana wengi wa kidato cha sita wameitwa katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa hiyo anayehangaika na karatasi ni mzazi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Fomu ijazwe kwa mtandao, isainiwe na mdhamini, ipitie serikali ya kijiji, igongwe muhuri. Na kwa kuwa mtoto ni yatima, cheti cha kifo cha baba nacho kinatakiwa, kimehakikiwa.

Hapo ndipo mama huketi chini. Mumewe alifia nyumbani, akazikwa siku ya pili, kaburi likachimbwa na majirani. Nani wakati wa msiba ule aliwaza cheti? Kijiji kizima kilishika udongo na kuutupa kaburini, lakini mbele ya kompyuta marehemu yu hai, tena ana uwezo wa kulipa ada! Siku zinapita kati ya Turiani na ofisi za wilaya, nauli inaliwa, dirisha linafungwa. Mwezi wa Oktoba majina yanapotangazwa awamu kwa awamu, la mwanawe halimo. Hapo ndipo atakapouza mpunga wa mbegu.

Sasa tuulize swali la kuudhi. Siku ya mazishi yale alikuwepo katekista. Padre alisoma sala. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1182, inaagiza kwamba baada ya mazishi jina la marehemu liandikwe katika Kitabu cha Marehemu cha parokia. Je, liliandikwa? Na kama liliandikwa, nani alimwambia yule mama kwamba parokia inayo karatasi inayoweza kuwa mwanzo wa ushahidi wake? Cheti cha ubatizo nacho kimewasaidia wengi kupata cheti cha kuzaliwa walichochelewa kukitafuta. Kitabu cha parokia hakichukui nafasi ya cheti cha Serikali, hilo twalijua. Lakini ni tofauti kubwa mtu anayekwenda wilayani na maandishi yenye muhuri na tarehe, na mtu anayekwenda na machozi tu. Haki ya yatima wakati mwingine imelala kabatini mwetu, na ufunguo tunao sisi.

Tuje kwa yule aliyebahatika kupata. Fedha ya kujikimu, ambayo vijana huiita "bumu", mwaka 2022 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, nayo hutolewa kwa mafungu ya takribani siku 60. Hesabu ni rahisi: kijana wa miaka 20, ambaye nyumbani hakuwahi kushika noti kumi kwa mpigo, anapewa 600,000 kwa mara moja, na katika hizo anatakiwa ale, alale na asafiri. Mabweni hayawatoshi wote, kwa hiyo wengi hupanga chumba mtaani, na mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mingi kabla ya kukabidhi ufunguo. Nusu ya fungu imekwenda hata kabla ya chungu kuinjikwa. Fungu la pili likichelewa wiki mbili tu, anakopa kwa wenzake. Likichelewa zaidi, hatupendi kusema, ila tutasema: kuna binti zetu ambao chumba chao kinalipiwa na mwanamume mwenye mke. Tukilisikia hilo twamhukumu binti. Aliyechelewesha fedha hatumhukumu, wala yule mume wa mtu, ambaye pengine huketi viti vya mbele kanisani. Wala hatujihukumu sisi tuliokuwa na namba yake ya simu tusimpigie hata siku moja kumwuliza kama amekula.

Lipo agizo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kuhusu ujira wa maskini usiopaswa kupita machweo ya jua bila kulipwa. Twaomba agizo hilo lisomwe katika ofisi zote zinazoshika fedha ya maskini, za mikopo na za mazao. Maana hapa kwetu ada ya chuo hutoka katika miwa na mpunga. Mkulima mdogo wa miwa hajiamulii siku ya kuvuna wala siku ya kulipwa, na tarehe ya mwisho ya usajili chuoni haimngoji.

Jambo la pili linalotuudhi ni giza. Mzazi wa Turiani hajui kitu. Chuo Kikuu cha Mzumbe kimo ndani ya wilaya yetu hii ya Mvomero. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko pale Morogoro mjini, chini ya Uluguru. Havipo ng'ambo ya bahari. Hata hivyo mzazi anayeweza kukuambia siku ambayo kiwanda kitaanza kusaga miwa hawezi kukuambia siku ambayo mwanawe anaanza mitihani. Mwaka 1990, Serikali ilipokifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwarudisha wanafunzi nyumbani, wazazi wengi walipata habari kwa redio, au kwa kumwona mtoto mlangoni na sanduku. Miaka 30 baadaye, Machi 2020, vyuo vyote vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona hadi tarehe 1 Juni, ilikuwa redio tena, safari hii pamoja na uvumi wa simu. Teknolojia imekua, lakini mzazi amebaki pale pale.

Tutajibiwa kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, na chuo hushughulika naye, wala si na baba yake. Ni kweli, na ni vema. Hatuombi matokeo ya mtoto yabandikwe mlangoni mwa kanisa, wala siri zake za hospitali. Tunaomba mambo ambayo hayamvunjii mtu heshima: kalenda ya masomo, kiasi cha ada na siku ya mwisho ya kuilipa, jina la ofisi ya mshauri wa wanafunzi na jinsi ya kuifikia, mahali anapopatikana padre mlezi, na nini hufanyika mwanafunzi akiugua au akikosa fedha katikati ya muhula. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ungetosha. Inakuwaje fomu ya kumtaka mzazi alipe imfikie, na karatasi ya kumweleza isimfikie? Vyuo vya Kanisa navyo visijione vimesamehewa swali hili.

Wengine, na hawa ni wa kwetu wenyewe, wanasema parokia haina fedha, na kwamba wanafunzi ni wachache ilhali paa la kigango linavuja. Tunawaheshimu, lakini hatuwaamini. Hebu atokee mtu mwenye nafasi anayemwoza binti yake. Katika wiki sita kamati imekaa, kadi zimesambazwa, ahadi zimeandikwa daftarini, na anayechelewesha ahadi anapigiwa simu hadi aone aibu. Mamilioni yanapatikana, yanaliwa usiku mmoja, na asubuhi twakusanya chupa. Mwandishi wa maneno haya naye amechanga, tena amecheza. Basi tusiseme hatuna fedha wala ustadi wa kukusanya. Tunavyo vyote viwili, ila tumeamua vifanye kazi gani.

Wala hatudai parokia iwe Bodi ya pili ya Mikopo. Tunachodai kutoka kwenu viongozi wa jumuiya ndogondogo, WAWATA na vijana ni kidogo, na kwa sababu hiyo hatutapokea udhuru. Kuanzia Januari, kila jumuiya ijue ni nani wa kidato cha sita na karatasi gani anakosa, ili ufuatiliaji wa vyeti ufanyike kabla dirisha halijafunguliwa, wakati kijana mwenyewe hajaenda kambini. Mtu mmoja anayejua kompyuta, mwalimu au karani, ajitolee siku mbili za juma katika ofisi ya parokia wakati wa maombi. Fomu nyingi zimekwama kwa kosa la herufi moja katika jina. Pawe na mfuko mdogo wa kuazimisha, wa kuvusha wiki zile tatu ambazo bumu halijaingia, na kijana arudishe likiingia. Na kila anayesoma awe na mtu mzima wa jumuiya, mbali na wazazi wake, atakayempigia simu mara moja kwa mwezi, asiulize matokeo kwanza, aulize afya.

Kwa wenye mamlaka, dai letu ni kwamba fungu la kujikimu lifike kabla ya siku ya kwanza ya masomo, na kwamba yatima aliyezikiwa baba kijijini asidaiwe kwa gharama zake mwenyewe kuthibitisha alichopoteza, iwapo mtendaji wa kijiji na viongozi wa dini wako tayari kutia saini na kuwajibika kwa saini zao.

Juma hili kila mwenyekiti wa jumuiya alete katika ofisi ya parokia majina ya wanafunzi wa jumuiya yake walioko vyuoni, chuo, mwaka wa masomo, na namba ya simu ya mzazi au mlezi. Jumuiya isiyo na mwanafunzi hata mmoja nayo ije, tuzungumze sababu.