Grini kasi haitaki mabavu

Wadau wa gofu, tuache kulaumu fimbo. Mwaka 2005 kule Augusta, Marekani, Tiger Woods alisukuma mpira kwenye grini ya shimo la 13, ukapitiliza hadi ukatumbukia kijitoni. Hakubadili fimbo, na siku chache baadaye akatwaa ubingwa.

Kwa maoni yangu, kwenye grini kasi nguvu ndiyo inayotuumbua kuliko mwelekeo. Ukikosea mwelekeo kidogo, mpira unabaki jirani na shimo. Ukizidisha nguvu, unautafuta mbali.

Kwa hiyo kabla ya kuanza mchezo, sukuma mipira kadhaa bila kulenga shimo, upime tu inafika wapi. Na unapoingia grini, uache mpira chini ya shimo ili usukume kupanda.

Fimbo mpya ya bei mbaya haifundishi hayo. Au mnasemaje?