Tusimlaumu Mgeni, Turekebishe Skripti

Naandika kutoka Alief, huku Houston. Leo naomba niwachokoze wenzangu tunaoandika skripti za sheli (siyo ile ya kujazia mafuta!).

Muhula uliopita nilimwachia dada mmoja, mgeni maabara kwetu, skripti yangu. Ilitaka majina mawili ya folda: kwanza ya matokeo, pili ya takataka za kufutwa. Yule dada akayageuza. Skripti haikuuliza kitu, ikafuta matokeo ya hesabu za siku tatu. Watu wakasema, "Huyu hayuko makini." Mimi nikanyamaza, na mpaka leo naona aibu, maana kosa lilikuwa langu.

Hebu fikirieni. Tukituma maboksi nyumbani, kila boksi tunaliandika jina. Hatumwambii mpokeaji, "La kwanza la mama, la pili la shangazi," halafu tuombe Mungu yasichanganywe njiani. Sasa kwa nini kwenye kompyuta tufanye hivyo?

Dawa imo ndani ya sheli yenyewe, inaitwa getopts. Ndani ya while unaandika getopts "m:f:" pamoja na jina la kigeugeu. Hapa m ni matokeo, f ni futa, na nukta mbili zinasema kwamba herufi hiyo lazima ifuatwe na thamani, utakayoikuta kwenye $OPTARG. Mtumiaji ataanza na -m au -f, vyovyote apendavyo. Akiweka herufi isiyojulikana, getopts inakurudishia alama ya kuuliza. Wewe toa maelezo, kisha simamisha kazi. Ila angalieni: herufi ikiachwa kabisa, getopts hainung'uniki. Kuikagua ni juu yako, tena kabla ya kufika kwenye rm.

Wapo watakaosema, "Ah, yangu ni mistari kumi tu, naitumia peke yangu." Jamani, zote huanza hivyo! Kisha unahitimu, unaondoka, yenyewe inabaki.

Mwaka 1985, hapo Dallas tu, kwenye mkutano wa UNIFORUM, msimbo wa AT&T wa getopt, kaka yake getopts kwa upande wa lugha ya C, uligawiwa bure. Miaka yote hiyo, na sisi bado tunategemea kumbukumbu ya mgeni?

Yule dada nimeshamwomba radhi, mbele ya wale wale waliomsema. Skripti nayo nimeiandika upya. Ya kwako je?

Masomo mema.